Sanamu za Ngoma: Ipi Safi, Ipi Fifi?

MKULIMA wa pamba wa Zagayu, wilayani Itilima, hahitaji kufundishwa maana ya madaraja. Kila msimu hukaa na familia yake akichambua: pamba nyeupe na kavu inawekwa upande wa safi, iliyochafuka au kuharibiwa na wadudu inakwenda upande wa fifi. Akiifikisha kwenye kituo cha ununuzi anajua takriban atakachopata, kwa sababu Bodi ya Pamba hutangaza bei elekezi kabla ya mizani kufunguliwa.

Ipo mali nyingine ya Usukumani isiyo na kituo cha ununuzi wala bei elekezi. Hiyo ni sanamu ya mti ya ngoma, hasa ile yenye mikono inayocheza. Mnunuzi huja na bei yake mfukoni, naye mwenye mali hana ya kwake. Matokeo yake ni kwamba kitu kinachotafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kinaweza kuuzwa kijijini kwa bei isiyozidi sana ile ya kuni. Kwa upande mwingine, mwekezaji mdogo wa mjini anaweza kulipa fedha nyingi kwa sanamu iliyochongwa mwezi uliopita na kupakwa masizi ionekane ya kale.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya sanamu usemi huo hautoshi. Kizuri hakijiuzi endapo muuzaji na mnunuzi hawajui kukipima. Mizani yake ina sahani mbili: viungo, yaani jinsi sanamu inavyokunjuka na kucheza, na mchongo, yaani jinsi uso na mwili vilivyotolewa. Kipimo hicho kimebadilika mara kadhaa, Usukumani na katika viwanda vya plastiki vya ng'ambo, na kila kilipobadilika bei nazo zilibadilika.

Soko la kwanza lilikuwa uwanja wa ngoma

Mashindano ya ngoma za Wasukuma hufanyika zaidi baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti. Vyama viwili vikubwa ni Bagika na Bagalu, ambavyo kwa mapokeo vinatokana na wacheza ngoma wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Katika mashindano, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika eneo moja, na watazamaji wana uhuru wa kuhama kutoka upande huu kwenda ule. Upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda.

Mfanyabiashara atatambua mara moja kwamba hilo ni soko kamili. Bidhaa ni ngoma, wateja ni umati, na mshindani yupo hatua chache tu pembeni. Ndiyo maana kila ningi, yaani manju anayeongoza ngoma, hutafuta jambo jipya la kuwashika watu. Wapo waliotumia dawa za mvuto. Bayeye walikuja na nyoka, Bununguli na nungunungu, wachezaji wa bugobogobo wakarusha na kuzungusha majembe. Wengine walileta sanamu za miti.

Sanamu ya namna hiyo haikuchongwa ili ikae mezani. Ilichongwa ionekane na mtu aliyesimama mbali, kwenye vumbi, nyuma ya mabega ya wenzake. Kwa sababu hiyo nyingi zina kiwiliwili kirefu kisicho na mapambo mengi, kichwa kilicho wazi, macho yaliyozama na mdomo uliokazwa, baadhi zikiwa zimepachikwa meno. Kuchonga kucha na nywele moja moja kungekuwa kazi bure, kwa kuwa hakuna ambaye angeziona.

Kinachoonekana kutoka mbali ni mwendo. Hapo ndipo kiungo kilipopata thamani yake. Mikono ilichongwa peke yake, kisha ikafungwa begani kwa msumari, kijiti au kamba ya ngozi, ili sanamu ikitikiswa mikono ipige hewa. Baadhi zilitiwa viungo miguuni pia. Mgeni aliyezoea ulaini wa kinyago cha Kimakonde huona sanamu ya Kisukuma kuwa kazi ya haraka. Kumbe mchongaji aliweka nguvu zake palipolipa: kidogo katika mchongo, kingi katika kiungo.

Msomaji anayetaka kuona kwa macho mazingira ya sanamu hizi anaweza kufika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Humo ngoma za Bagika na Bagalu zimetengewa sehemu yake.

Wamakonde walishika njia nyingine

Kusini na Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume. Wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji walikuta wanunuzi wa aina tofauti: watalii, wageni wa serikali na wenye maduka. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alimletea mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam sanamu ya ajabu ya pepo, na kutokana na kazi hiyo mtindo wa shetani ukapata soko. Baadaye nguzo za ujamaa, zenye watu wengi waliobebana katika gogo moja la mpingo, zikajulikana duniani.

Sanamu hizo hazina kiungo hata kimoja. Sifa yake ni kwamba yote imetoka katika gogo moja bila kuunganishwa. Mnunuzi alilipia mchongo: wembamba wa kidole, uwazi kati ya mtu na mtu, mng'aro wa mpingo. Mchongaji aliyevunja mkono na kuugundisha alikuwa ameshusha bei.

Hivyo Tanzania ilikuwa na vipimo viwili vinavyopingana. Usukumani mkono uliotengwa na mwili ulikuwa sifa, kwa Wamakonde ulikuwa dosari. Mnunuzi anayepima sanamu ya Kisukuma kwa jicho la Kimakonde atakosea bei, na kosa hilo limewagharimu wauzaji kwa miaka mingi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1994, pale maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yalipofanyika Ujerumani, kwanza Berlin kisha Munich. Kitabu cha maonyesho hayo kilibeba pia jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Mwaka 2013 maonyesho mengine ya sanaa za Tanzania, yaliyoitwa Shangaa, yalifunguliwa New York. Sanamu za maeneo ambayo zamani hayakuhesabiwa, Usukuma ikiwemo, zikawekwa mbele ya wakusanyaji. Mchongo uliokuwa ukiitwa mkwaruzo ukaanza kuitwa ujasiri.

Plastiki nayo ilipita njia hiyo hiyo

Wasomaji wanaofuatilia biashara ya sanamu za plastiki za wapiganaji na mashujaa wa sinema watashangaa kuona jinsi historia yake inavyofanana na hii. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa sokoni askari aitwaye G.I. Joe, mwenye urefu wa karibu sentimeta 30 na sehemu 21 zinazocheza. Inaelezwa kwamba Don Levine, aliyeongoza kazi hiyo, alipata wazo la viungo baada ya kuona dirishani mwa duka sanamu ya mti yenye viungo, ile wanayotumia wachoraji kujifunzia mikao ya mwili. Kwa maneno mengine, hata hiyo plastiki ilianzia kwenye mti uliounganishwa.

Kampuni ilikuwa na hofu ya kuigwa, kwa sababu umbo la mwanadamu kwa jumla haliwezi kumilikiwa na mtu. Ikamwekea askari wake kovu shavuni, likawa alama ya biashara. Aidha, ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia ulikaa upande usio wake, wa ndani. Mwigaji aliyenakili bila kufikiri alinakili na ukucha huo, akajikamatisha mwenyewe. Hadi leo mkusanyaji hutazama kovu na ukucha kabla ya kutoa fedha.

Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ilileta sanamu za sinema ya Star Wars. Zilikuwa ndogo, karibu sentimeta 9.5, zenye viungo vitano tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Kwa hesabu ya viungo hiyo ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Kwa hesabu ya fedha ilikuwa hatua kubwa mbele. Sanamu ndogo hula plastiki kidogo, huuzwa kwa bei nafuu, na mtoto hutaka kundi zima badala ya askari mmoja. Katika mwaka huo mmoja ziliuzwa zaidi ya milioni 40.

Hasbro ilijibu mwaka 1982 kwa G.I. Joe mdogo wa kimo hicho hicho, lakini mwenye viwiko na magoti yanayokunjuka na kiuno kilichoshikwa ndani kwa mpira wa duara. Mwaka 1983 mkono wake ukafanywa uweze kuzunguka juu ya kiwiko ili ashike bunduki vizuri. Japani nako, kampuni ya Takara ilikuwa imeanza tangu 1974 kutoa Microman, kisanamu cha takriban sentimeta 10 chenye viungo vingi.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1994 Todd McFarlane, mchoraji wa vibonzo, alianzisha kampuni yake ya sanamu, akamtoa shujaa wake Spawn. Hapa fedha zilikwenda kwenye mchongo: mikunjo ya nguo, meno, makovu, minyororo. Nyingi zilikuwa nzuri kutazama lakini hazikukunjuka sana. Wanunuzi watu wazima walizipenda, washindani wote wakalazimika kuinua mchongo wao. Mwaka 2002 Toy Biz ikatoa Marvel Legends, zenye kimo cha karibu sentimeta 15, ikijaribu kuunganisha yote mawili: mchongo wa kina na viungo vilivyozidi 30 katika baadhi ya sanamu. Tangu hapo mnunuzi wa sanamu za daraja hilo hudai vyote.

Kwa nini vyote viwili ni gharama

Kila kiungo ni mkato. Ukikata kiwiko ili kikunjike, umekata pia msuli, mkunjo wa nguo na mshipa uliochongwa hapo. Mchongaji lazima aufiche mkato huo, ama sivyo sanamu itaonekana kama mtu aliyefungwa plasta kila mahali. Viungo vikiongezeka, vipande vya kalibu huongezeka, kazi ya kuunganisha huongezeka, na sehemu za kuvunjika huongezeka.

Kwa mti ni vivyo hivyo. Bega lenye tundu ndilo dhaifu zaidi katika sanamu ya ngoma. Msumari hupata kutu, ngozi hukauka na kukatika, mti hupasuka kufuata nyuzi zake. Kwa hiyo sanamu ya kale iliyobaki na mikono yake yote miwili ya asili ni adimu, na uadimu ndio unaolipiwa.

Mnada wa dunia unathibitisha jambo hilo. Mwaka 2003 sanamu ya kwanza ya mfano ya G.I. Joe, iliyotengenezwa kwa mkono, iliuzwa kwa dola 200,000. Mwaka 2024 sanamu ya mfano ya Boba Fett wa Star Wars, ambaye mgongoni ana roketi ya kufyatuka, ilifikia dola 525,000 mnadani Marekani. Roketi hiyo haikupata kuuzwa madukani kwa sababu za usalama wa watoto, na kwa hiyo sanamu za majaribio zilizobaki ni chache mno.

Msomaji asikurupuke. Bei hizo ni za mifano ya kwanza, si za sanamu zilizomwagwa sokoni kwa mamilioni. Wawili wanaweza kufanana kwa viungo na mchongo, mmoja akawa mali na mwingine akawa mchezo wa mtoto. Kinachowatenganisha ni uchache na historia inayothibitika.

Safi na fifi: namna ya kuchambua

Kwa sanamu ya ngoma ya Kisukuma, mnunuzi makini na muuzaji makini waanze begani. Sanamu iliyochezwa miaka mingi huwa na tundu lililolika na kupoteza uduara wake, kwa sababu mkono umevutwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Ubavuni, mahali mkono unapogusa mwili, huwa na alama ya kusuguliwa. Kutu ya msumari huwa imeingia ndani ya mti. Tundu la duara kamili, safi, lililotobolewa kwa keekee ya umeme, ni dalili ya kazi mpya.

Pili ni mchongo. Tezo huacha makovu mafupi yaliyolainishwa na mikono ya watu. Ulaini huo huwa mwingi mahali pa kushikia na mdogo mahali pasipofikika. Sanamu yenye weusi na mng'aro uleule kila mahali, hata ndani ya sikio na chini ya nyayo, itiliwe shaka: masizi, mafuta na rangi ya viatu hazichagui mahali, mkono wa mchezaji huchagua.

Tatu ni marekebisho. Mkono uliobadilishwa na wenye ngoma ili waendelee kucheza ni sehemu ya maisha ya sanamu. Mkono uliobadilishwa na mwuza duka ili kupandisha bei ni udanganyifu. Yote mawili yatajwe wakati wa kuuza. Kuficha kunaua soko zima, kwa sababu mkusanyaji aliyeibiwa mara moja hushusha bei ya kila sanamu anayoletewa baadaye.

Nne, na hili ndilo wengi hulisahau, ni maelezo. Sanamu ilikuwa ya kikundi gani, Bagika au Bagalu? Ningi alikuwa nani? Ilichezwa kijiji gani, miaka ipi? Kuna picha? Karatasi moja iliyoandikwa vizuri na mzee anayekumbuka inaweza kuongeza thamani kuliko kiungo cha ziada. Mzee huyo akifariki kabla ya kuulizwa, thamani hiyo haipatikani tena kwa fedha yoyote.

Kwa plastiki uchambuzi unafanana: viungo vishike mkao bila kulegea, mpira wa kiunoni usiwe umekauka, rangi isiwe imegeuka njano kwa jua, silaha na vifaa vyake viwepo, na pakiti ya asili ikiwepo ni bora zaidi.

Sheria na haki ya mwenye mali

Mfanyabiashara asisahau kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka masharti ya kusafirisha nje vitu vya kale na vya asili, ambavyo huhitaji leseni. Anayenunua sanamu ya zamani kwa nia ya kuipeleka ng'ambo aanze na Idara ya Mambo ya Kale. Mali isiyo na karatasi hukamatwa, na hata ikivuka mpaka, minada yenye heshima huuliza ilitokaje.

Lipo pia swali la nani anauza. Sanamu inaweza kuwa imehifadhiwa katika nyumba ya mtu mmoja lakini ikawa mali ya kikundi kizima. Mnunuzi anayemalizana na kijana mmoja usiku amenunua ugomvi. Kikundi nacho kikumbuke kuwa sanamu ikiondoka, silaha yake moja ya kuvutia umati imeondoka, na mshindani yupo bado hatua chache pembeni.

Faida ipo kwa mchongaji wa leo

Sanamu za kale hazitaongezeka. Kwa hiyo biashara inayoweza kukua Itilima, Bariadi na wilaya jirani ni ya sanamu mpya zinazouzwa kama mpya. Mchongaji hahitaji kuzipaka masizi. Achonge umbo la Kisukuma, aunganishe mabega kwa ustadi, aweke jina lake, mahali na mwaka chini ya nyayo, na atoe idadi ndogo inayohesabika. Alama hiyo ni kovu lake la shavuni: anayemwiga atajulikana.

Asikimbilie kuongeza viungo. Kenner ilifanikiwa kwa vitano. Mabega mawili yanayocheza vizuri miaka 20 ni bora kuliko viungo kumi vinavyolegea kabla mteja hajafika Mwanza. Na akwepe mtego uliowanasa wachongaji wengi wa vinyago vya watalii, wa kutoa sanamu 50 zinazofanana mpaka mnunuzi akawa ndiye anayepanga bei.

Kwa mwekezaji mdogo tahadhari ni moja. Ng'ombe anaweza kuuzwa siku ya mnada, dengu na choroko zina wanunuzi kila msimu, bali sanamu inaweza kukaa miaka ikimngoja mteja mmoja, huku bungua wakiila ndani. Fedha ya ada ya shule au ya mbegu isiingizwe humo. Ambaye ana akiba isiyo na haraka anunue chache, zenye maelezo kamili, azitunze pakavu mbali na jua. Naye mwenye sanamu kijijini, kabla ya kukubali bei ya mgeni, ainyanyue kwanza, aitikise mikono, aangalie bega, kisha aamue mwenyewe kama aliyonayo ni safi au ni fifi.